Ratiba ya mradi tuliyoipanga kwa bamvua

Nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga mjini. Muhula wa pili, kidato cha tatu hufanya mradi wa vikundi kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba. Tabu ni huo urefu wenyewe. Mwanafunzi ukimwambia kazi inakusanywa Oktoba, ni kama hujamwambia kitu. Matokeo yake wiki ya mwisho mmoja anaandika usiku kucha, wenzake wanamletea soda.

Kikundi kimoja kilichagua mikoko ya Sahare, pwani ya hapa hapa Tanga. Walitaka kuzungushia kamba vipande vya mita 10 kwa 10, kutoka baharini kuja nchi kavu, wahesabu miti kwa aina: mlilana ulioko mbele kabisa, mkoko wenyewe, kisha mkandaa. Wakaniletea ratiba imepigwa mistari kwa rula, wiki kwa wiki, safi. Nikawauliza: Jumamosi hii mliyoandika, saa nne asubuhi maji yatakuwa wapi?

Kimya. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akahesabu kwa vidole. "Mwalimu, mwezi utakuwa na siku saba. Hayo maji mafu, hayakauki sana, tena saa hizo yamejaa. Kwenye mililana hatufiki."

Basi hapo ndipo upangaji ulipoanza. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kukauka sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huku kwetu siku hizo maji hukauka mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Saa hizo siku za kazi wako darasani. Zilizobaki ni Jumamosi zinazoangukia bamvua, nazo ni chache mno. Tulibandika manila ukutani, tukaziandika hizo kwanza kwa wino mwekundu. Kisha mitihani ya katikati ya muhula. Kisha mvua za vuli, ambazo Oktoba zinaweza kuanza, na tope la mikokoni halihitaji msaada wa mvua. Yaliyobaki tukayapanga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kukusanya.

Kurudi nyuma kuliibua mambo ambayo kwenye ratiba ya rula hayakuwepo. Barua, kwa mfano. Mikoko inalindwa kisheria, na watoto wakionekana humo na kamba wataulizwa wanakata nini. Barua ya mkuu wa shule ilibidi ifike serikali ya mtaa mapema, irudi na mhuri. Halafu kamba yenyewe. Walinunua ya katani (Tanga utanunua ipi nyingine?), wakaifunga fundo kila mita. Niliwaambia wailoweke kwenye ndoo kisha waipime tena. Ikawa imepungua, kwa sababu nyuzi za katani zikilowa huvimba na kamba hufupika. Wakafungua mafundo yote, wakayafunga upya kamba ikiwa mbichi. Hilo lilitokea uwanjani kwetu Agosti, si kwenye tope maji yakiwa yanarudi.

Kila Ijumaa kikundi kinaniletea kitu cha kushika mkononi: barua yenye mhuri, kamba, jedwali tupu la kujazia hesabu. "Tunaendelea vizuri, mwalimu" siipokei. Anayesema hivyo mara nyingi hajaanza.

Kikundi cha bei ya dagaa kwenye soko la samaki la Deep Sea nao waliona wanahitaji kalenda ya mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mzigo hupungua. Wangepita sokoni wiki moja tu, wangeandika bei ya wiki hiyo wakidhani ndiyo bei ya Tanga.

Kila kikundi nakilazimisha kuacha Jumamosi moja ya akiba. Wanalalamika kuwa ni siku ya bure. Wa mikoko waliitumia: safari ya kwanza msichana mmoja alikatwa mguu na chaza kwenye mizizi, wakarudi na kipande kimoja kati ya vitatu. Bamvua iliyofuata walikwenda wote wamevaa yeboyebo, wakamaliza kabla maji hayajaanza kujaa.