Maji Yaliyobaki Katani

Ndugu zangu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha,

Wiki iliyopita kikundi chetu kilipoketi, niliulizwa kama nimeisoma sutta, yaani hotuba ya Buddha, tuliyopangiana. Nikajibu, "Nimeipitia." Kumbe sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja. Neno "kupitia" ni pana, mtu hujificha humo mzimamzima. Nikachangia mjadala, tena kwa sauti ya mjuzi. Na sutta yenyewe, hapo ndipo penye aibu, ilihusu uongo.

Usiku uleule nikaisoma. Ni ya 61 katika Majjhima Nikaya, mkusanyo wa hotuba zake za urefu wa wastani. Buddha anamwendea mwanawe Rahula huko Ambalatthika. Wafafanuzi wa kale wanasema Rahula alikuwa mtoto wa miaka 7 tu. Anamwona baba yake kwa mbali, anamwandalia pa kukaa na kumwekea maji ya kunawa miguu. Buddha ananawa, anabakiza maji kidogo ndani ya kata, kile chombo cha kuchotea maji. "Rahula, unayaona maji haya kidogo yaliyobaki?" Anayaona. Basi utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo huku akijua ni uongo, anaambiwa, ni mdogo kiasi hicho. Kisha yale maji yanamwagwa. Kisha kata inafudikizwa. Kisha inainuliwa tena, tupu, na kila hatua mtoto anaulizwa anaona nini. Hakuna sauti kupanda. Kinachonigusa ni kwamba somo lote limefanywa kwa maji ambayo mtoto mwenyewe aliyaweka hapo kwa heshima.

Mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alichongesha kwenye mwamba huko Bairat, India, orodha ya mafundisho 7 aliyotaka watawa na waumini wa kawaida wayasikie mara kwa mara na kuyatafakari. Mojawapo ni nasaha kwa Rahula kuhusu uongo. Mtu aliyetawala sehemu kubwa ya India, akaona mafundisho ya mtoto yanawafaa watu wazima.

Baada ya kata kunakuja kioo. Kioo ni cha nini? Ni cha kujitazama. Vivyo hivyo, Rahula anafundishwa, tendo litazamwe kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda, na baada ya kulitenda: je, linaniumiza mimi, linamuumiza mwingine, linatuumiza sote? Hapa wengi wetu huishia, tukidhani ni kazi ya mtu na moyo wake. Lakini soma mbele kidogo. Ukigundua kwamba tendo lako au neno lako lilikuwa baya, uliweke wazi mbele ya Mwalimu au mbele ya wenzako wenye busara, ujizuie siku zijazo. Mbele ya wenzako! Kumbe kikundi kimo ndani ya zoezi lenyewe. Pasipo mtu wa kuambiwa, kioo kimekatika nusu.

Tumekuwa tukiulizana namna ya kukistawisha kikundi: tuongeze vitabu, tualike mwalimu, tujifunze Kipali, lugha ya sutta hizi. Sipingi, Kipali hasa nakitamani. Ila tumeshamaliza vikao viwili tukibishana kama inafaa kumdanganya muuaji anayeuliza rafiki yako amejificha wapi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuulizwa na muuaji. Lakini "umesoma?" tunaulizwa kila wiki.

Katika sutta nyingine kuna watawa watatu, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, waliokaa pamoja katika msitu wa Gosinga, wakipatana kama maziwa na maji. Buddha alipowauliza wanaishije, hawakuanza na hoja. Walieleza kazi za siku: anayetangulia kurudi na chakula cha sadaka hupanga mahali pa kukaa na kuweka maji ya kunywa na ya kunawa; anayerudi mwisho hufagia. Atakayeukuta mtungi mtupu huujaza. Ukimlemea, humwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wanauinua wawili bila kuvunja ukimya. Na kila siku ya tano hukesha wakizungumza Dhamma.

Ule mkono unaopungwa nimeufikiria wiki nzima. Mtungi umekulemea, hujifanyi kwamba umeuweza, wala huhutubii. Unapunga tu, na mwenzako anakuja. Sidhani kama kikundi chetu kimewahi kumwona yeyote akipunga. Tunafika kila mmoja na mtungi wake umefunikwa vizuri, tunajadili maji.

Kwa hiyo nimemwomba anayeongoza kikao kijacho anipe dakika chache kabla hatujafungua kitabu, nieleze ile "nimeipitia." Safari hii tumepangiana hiyo sutta ya Gosinga, na nimeisoma. Yote, mpaka mwisho.