Ufa Chini ya Mpira

Mwezi Juni mwaka 2019, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, taa ya injini iliwaka katika gari langu dogo la petroli, na tangu siku hiyo kila niliposimama gari lilitetemeka, silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikipanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa wa pumu. Fundi wa kwanza alichomeka mashine chini ya usukani, akasoma namba P0171, akatamka papo hapo kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Nilinunua mpya dukani, mtaa wa Gerezani, kwa shilingi 120,000. Taa ikafutwa, ikatulia siku mbili, ikarudi.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ilala.

“Shikamoo, mzee. Sensa nimeshabadilisha, lakini taa imerudi.”

“Marahaba. Namba hiyo inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, kijana wangu. Hakuna mahali iliposema ubadilishe sensa.”

Alinieleza kwamba injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, na kwamba sensa ya oksijeni, ikinusa moshi na kukuta hewa imezidi, huiarifu kompyuta, nayo huongeza mafuta mpaka ifike kikomo chake na kuwasha taa. Kwa hiyo sensa yangu ya zamani, niliyoihukumu, huenda ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Kisha akachomeka mashine yake, na badala ya kuishia kwenye namba ya hitilafu, akafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta. Gari likiwa kwenye silensa, kompyuta ilikuwa ikiongeza asilimia 24. Alipokanyaga resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 6. Mzee akatabasamu. Pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, alisema, hali ingekuwa mbaya zaidi kwenye resi, kwa kuwa hapo ndipo injini hudai mafuta mengi. Ikiwa shida iko kwenye silensa, basi kuna mahali hewa inapenya bila kupimwa, na hewa hiyo kidogo humezwa injini inapovuta nyingi.

Alizima redio ya jirani (bila kuomba ruhusa, nadhani walishazoeana), akainama juu ya injini na kusikiliza. Nilisikia mluzi mwembamba sana. Akapitisha vidole nyuma ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, kwenye kipande cha mpira kinachopeleka mvuke wa oili kutoka kwenye injini, na alipokibana kwa dole gumba mluzi ulikatika, silensa ikakaa. Alipokichomoa na kukikunja, ufa wa urefu wa kucha ulifunguka upande wa chini, mahali ambapo jicho lisingefika hata kwa tochi.

Mpira mpya ulikuwa shilingi 8,000. Alifuta namba, akanituma nizunguke hadi Kimara na kurudi. Asilimia 24 ilikuwa imekuwa 3.

Kesho yake niliipeleka ile sensa mpya dukani nilikoinunua. Muuza duka aliigeuza mkononi, akanionyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.