Kabla ya Kuishukia Britannic

Britannic, meli ya hospitali iliyojengwa kuwa ndugu wa Titanic, ilizama karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki, tarehe 21 Novemba 1916, baada ya kugonga bomu lililotegwa baharini na nyambizi ya Kijerumani. Dakika 55 zilitosha kuimaliza. Watu zaidi ya 1,000 waliokoka, 30 walifariki, na hadi leo meli hiyo imelalia ubavu katika kina cha mita 120 hivi. Kikosi chetu kinajiandaa kuishukia, na sehemu kubwa ya maandalizi yetu inahusu safari ya kurudi juu.

Katika kina hicho shinikizo ni takriban mara 13 ya lile la juu ya maji. Mtu akipumua hewa ya kawaida huko, oksijeni yake huwa sumu inayoweza kuleta degedege, na naitrojeni humlevya hata ashindwe kusoma saa yake mwenyewe. Ndiyo maana mchanganyiko wetu wa chini una heliamu asilimia 70, naitrojeni 20 na oksijeni 10 tu. Mchanganyiko huohuo ukipumuliwa juu ya maji unaweza kumzimisha mtu, kwa kuwa oksijeni yake ni haba mno. Kwa hiyo kila mtungi naupima mwenyewe, hata kama umepimwa na fundi ninayemwamini, kisha naandika kwenye utepe mweupe kiasi cha gesi na kina unachoruhusiwa, kwa tarakimu kubwa ambazo mwenzangu ataweza kuzisoma akiwa pembeni yangu.

Hesabu inayonikosesha usingizi ni ya gesi ya akiba. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, yaani karibu mara 200 ya shinikizo la hewa juu ya maji, una takriban lita 2,400 za gesi; anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia mara 13 yake, yaani 260, kule chini, na mtungi utakwisha kwa dakika tisa. Akishikwa na hofu akapumua maradufu, hazifiki tano. Nasi hatuwezi kukimbilia juu, kwani dakika 20 tu penye meli hudai saa kadhaa za kupanda kwa vituo, ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu bila kufanya mapovu. Vituo vya mwisho, mita sita kutoka juu, ni vya oksijeni tupu, tukiwa tumening'inia katika mkondo mkali wa mlango-bahari wa Kea huku meli za mizigo zikipita.

Tumekubaliana kwamba yeyote akiashiria kurudi, hata kabla ya kuiona meli, wote tunarudi, na hatadaiwa maelezo.