Miembe saba

Shauri langu la kwanza Mahakama Kuu hapa Mwanza lilichukua robo saa, na nilishinda.

Nilikuwa na miezi minne kazini, Wakili wa Serikali Daraja la II. Mdai alikuwa mzee wa kijiji kimoja cha kando ya ziwa, hana wakili. Barabara ilipita shambani kwake, akalipwa fidia ya nyumba, mihogo na migomba, lakini miembe yake saba haikulipwa. Akaishtaki halmashauri, na kama sheria inavyotaka tangu mabadiliko ya mwaka 2020, akamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ndivyo jalada lilivyofika mezani kwangu.

Anayetaka kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Mzee alifungua shauri siku ya 64. Nikaweka pingamizi la awali, jaji akalikubali, shauri likaondolewa.

Nje nikamkuta kwenye benchi, nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Hebu nieleze, mahakama imesema miembe yangu haikuwepo?"

"Hapana baba, habari ya miembe haijasikilizwa. Unaweza kutoa notisi upya, siku zikitimia ukarudi."

Akaangalia bahasha yake ya kaki, akauliza nauli ya kurudi ataitoa wapi.

Pingamizi lile lilikuwa halali, na likija shauri kama hilo kesho nitaliweka tena. Kilichoniuma ni kwamba notisi yake ilikaa ofisini siku 64 na hakuna aliyekwenda kuhesabu miembe. Sheria imetupa siku zile sisi upande wa Serikali, tuchunguze dai na tulipe tunachodaiwa kabla mtu hajapanda ngazi za mahakama. Chuoni nilizikariri kama silaha ya utetezi tu.

Notisi mpya ilipoingia, nikamwomba bosi ruhusa nikaenda masijala ya halmashauri mwenyewe. Mchana mzima nikapekua majalada na mama mtunza kumbukumbu, vumbi limetujaa puani. Fomu ya uthamini ya shambani tukaipata chini kabisa, pembe moja imeliwa na mchwa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: mihogo, halafu "miembe mikubwa 7", halafu migomba, na chini dole gumba la mzee kwa wino wa zambarau. Jedwali la malipo lililochapwa linaruka kutoka mihogo hadi migomba. Aliyechapa aliruka mstari mmoja.

Nikaandika maoni ya kisheria kurasa mbili: tulipe miembe pamoja na riba ya ucheleweshaji, hapa hatuna utetezi. Halmashauri ilivuta miguu wiki tatu, barua zikaenda na kurudi, mwisho ikakubali.

Siku ya kusaini hati ya makubaliano mzee alikuja na mjukuu wake wa darasa la sita amsomee. Mtoto alipofika kwenye miembe, babu akamsimamisha.

"Hapo rudia."

Akarudia. Mzee akaniomba kidau cha wino.