Kisu cha babu: cha Mjerumani au cha Mwingereza?

Nyumbani Moshi tulikiita kisu cha Mjerumani, kile cha kukunja alichoacha babu. Kutu ilikuwa imemeza maandishi yote. Fundi mmoja alinishauri nikipige msasa. Nashukuru nilikataa, maana msasa hufuta alama pamoja na kutu. Nilidondoshea mafuta ya taa, nikakiacha usiku kucha, kisha nikasugua shina la ubapa, pale karibu na bawaba, kwa njiti na kitambaa. Nikamulika tochi ya simu kwa ubavu. Zikajitokeza polepole: SHEFFIELD (mji wa visu wa Uingereza), mshale mpana, 1943. Cha Mjerumani kwa kawaida kingeandikwa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki.