Ticha, usiniambie

Tangu Jumanne nina maneno mawili kichwani. Nikiinama kufua yanakuja, nikisimama kituoni kusubiri daladala yanakuja. Wiki yenyewe imekuwa nzito: majina ya ajira yametoka na langu halimo, Dada kajifungua salama mtoto wa kiume, Baba Mdogo kahamia Kigamboni na vyombo vyake vyote. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo ni habari ya Mpole.

Mnamjua Mpole, yule wa kidato cha kwanza niliyempa jina hilo hapa ili nisimtaje. Mliomfuatilia tangu Januari mnakumbuka alivyokuja kwangu. Alimaliza darasa la saba shule ya serikali, na Hisabati alikuwa anaiweza vizuri tu. Ukimwekea mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, MAGAZIJUTO yote anaimaliza bila kukwama. Kisha akaingia sekondari na somo lilelile likamjia kwa Kiingereza. Shuleni waliwapitisha kwenye kozi ya lugha wiki chache za mwanzo, halafu vitabu vikaendelea na safari yao, aliyepanda kapanda. Tangu hapo akawa na mtindo ambao kila anayefundisha tuisheni anaujua: anaruka maneno, anaokota namba, anazijumlisha au anazitoa, kisha ananiangalia usoni. Nikikunja uso kidogo, anafuta. Nikinyamaza, anasubiri. Miezi yote hiyo uso wangu ndio ulikuwa kitabu chake cha majibu.

Jumanne nikampa swali la tangi. Limeandikwa kwa Kiingereza, sentensi tatu: tangi lina lita 600 za maji, asubuhi zimetumika mbili ya tano, mchana ikatumika theluthi ya maji yaliyobaki; zimebaki lita ngapi? Utaratibu wetu ni kwamba hagusi kalamu mpaka asome swali kwa sauti, kisha anisimulie kwa Kiswahili kana kwamba mdogo wake ndiye anayeuliza. Watu huniuliza hivi mimi nafundisha Hisabati au Kiingereza. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza hayo mawili yanakaa kwenye mstari mmoja wa swali, na ukimsaidia moja ukaacha jingine hujamsaidia.

Akasoma. Sentensi ya mwisho akaipita mbio, akaandika 240, chini yake 200, akazitoa zote kwenye 600, akapata 160. Akaninyanyulia macho kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshachukua penseli nimwoneshe theluthi ile ni ya nini. Akaangalia penseli, akaangalia daftari, akaweka kiganja juu ya hesabu yake.

“Ticha, usiniambie.”

“Haya, sikuambii.”

“Subiri kwanza.”

Akachora mstatili uliosimama, akaugawa vipande vitano kwa ile rula yake iliyokatika ncha. Viwili akavitia kivuli. Akakaa. Akakaa sana. Kidole chake kikarudi kwenye sentensi ya tatu kikitembea neno kwa neno, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema, akiongea na karatasi si na mimi: “Vimebaki vitatu. Theluthi ya hivi vitatu ni kimoja.” Akakitia kivuli. “Viwili. Kila kimoja lita 120. Ni 240.”

Akapiga mistari miwili chini ya jibu na kufungua ukurasa mpya. Usoni kwangu hakuangalia.

Mimi nilikuwa nimepanga kumpitisha kwenye 360 mara moja ya tatu, kisha kutoa. Njia yake ni fupi, na ni yake. Lakini nikisema ukweli, si jibu linalonifuata mpaka kituoni. Ni yale maneno. “Nimeelewa” nimeshaisikia kwa watoto wengi, husemwa ili mwalimu aendelee mbele akuache upumue. Mtoto anayesema usiniambie ameona kwamba jibu lipo mahali anapoweza kulifikia mwenyewe, na hataki mtu mwingine atangulie. Nimelirudia kwa sauti yake, kwa ile haraka yake, na kila mara nafurahi upya.

Basi natoka uani, mama yake yuko kwenye beseni anakanda unga wa maandazi ya kesho.

“Mwalimu, leo mmefanya mangapi?”

“Moja, dada.”

“Moja?”

“Moja, lakini kalimaliza mwenyewe.”

Akajifuta mikono kwenye kanga. Nikamwonesha daftari. Akalitazama kwa makini, kwa heshima kabisa. “Kachora tangi.”

“Ndiyo.”

“Na mtihani utamngoja achore?”

Hakuwa na ubaya. Anaamka saa kumi alfajiri kila siku. Ada ya shule ya serikali ilifutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari na nauli vinatoka kwenye karai lile lile, na mimi natoka humo humo. Mtoto wa jirani anakwenda tuisheni ya ukumbini, anarudi na kurasa zimejaa vema za wino mwekundu, na vema mama anaziona hata kwa mwanga wa kibatari. Isitoshe hofu yake ina msingi. Mwakani kuna upimaji wa kidato cha pili, na asiyefikia alama anarudia darasa. Kidato cha nne cha 2023, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Yeye hajui takwimu hiyo, lakini anawajua vijana wa mtaani.

Nilimwambia tangi la leo atalichora mara chache, baadaye ataliona kichwani bila kalamu. Akaitikia kwa kichwa, akanihesabia hela ya wiki, akanifungia maandazi mawili kwenye gazeti. Kisha akasema, “Tutaongea mwisho wa mwezi, Mwalimu.”

Tangu hapo furaha yangu haikai sawa. Nikianza na usiniambie, namalizia na mwisho wa mwezi. Nimeamua Jumamosi nimwongezee maswali mepesi ya haraka, mama apate vema zake, kwa sababu naye ana haki ya kuona kazi ya pesa yake. Ila ule muda wa kukaa kimya mbele ya swali moja siupunguzi. Mama yake akimhamisha, atahamisha mtoto aliyeanza kufikiri, na namwombea huko aendako akutane na mtu atakayengoja.

Nilitaka kuandika zaidi ila simu iko pembeni na jicho langu liko huko. Dada anasema macho ya mtoto yana umanjano tangu jana na hanyonyi vizuri. Mama yetu anashauri waanze kumwotesha jua la asubuhi. Mimi nimemwandikia asingoje jua, ampeleke hospitali usiku huu huu. Ujumbe umefika, hajaujibu, na kule kwao saa hizi kupata bajaji ni shida.