Siku sita nisizozijua

Vilianza vilengelenge vitatu, vimesongamana mahali pamoja sehemu za siri, vinawasha kabla ya kuuma. Nilikuwa na miaka 26. Muuza dawa mtaani kwetu Tanga akasema ni mkanda wa jeshi, akanipa krimu, vikakauka, nikasahau. (Mkanda wa jeshi ni kirusi cha tetekuwanga, kitu kingine kabisa.)

Mwaka uliofuata vikarudi palepale. Safari hiyo nilipimwa majimaji ya lengelenge, majibu yakaja: herpesi, ugonjwa wa zinaa wa malengelenge, unaoletwa na kirusi kiitwacho HSV-2. Daktari akaniambia nikiwa na vidonda nisikutane na mtu. Mimi nikageuza maneno yake kichwani: nisipokuwa na vidonda, niko salama. Nikaishi hivyo miaka minne.

Nilipochumbia ikabidi niseme. Jaribio la kwanza lilinishinda. Tulikaa Raskazone tukala mihogo, nikaishia kuzungumzia bei ya mbao. La pili nilisema. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kama huna kidonda, utaniambukizaje?"

"Siwezi," nikajibu, kifua mbele.

"Basi twende tukamuulize anayejua."

Anayejua alikuwa nesi mmoja mtu mzima. Alimtoa mwenzangu damu, akanigeukia. "Mwanangu, lengelenge likikauka kirusi hakijaondoka. Kimerudi kulala kwenye mishipa ya fahamu, huku chini ya mgongo. Siku kikitaka kinashuka mpaka juu ya ngozi, na mara nyingi kinashuka bila kupiga hodi." Akatungua kalenda ukutani, akachukua kalamu, akazungushia tarehe sita za mwezi ule, moja huku, mbili kule.

"Ndizo hizo?" nikauliza.

"Sizijui. Na wewe huzijui. Ndiyo maana nimezitawanya."

Hakuwa anabuni. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya watu wenye HSV-2 waliojipangusa sehemu za siri kila siku ili wapimwe. Waliowahi kuugua vidonda walikutwa na kirusi siku moja kati ya tano. Wale ambao hawajawahi kuona hata kipele, siku moja kati ya kumi. Nilimsikia mchumba wangu akivuta pumzi. "Kumbe hata huyo aliyekupa huenda hakujua." Nilikuwa na kinyongo na mtu fulani miaka yote ile. Nilitazama sakafu.

Majibu yake yakatoka: hana. Nesi akamwambia arudie baada ya miezi mitatu, maana damu huchelewa kuonyesha maambukizi mapya. Alirudia, bado hana.

Swali likawa tunaishije. Hapo ndipo namba zilinituliza kuliko maneno ya faraja. Utafiti uliochapishwa 2004 ulifuatilia jozi 1,484 za wapenzi, mmoja anacho kirusi, mwingine hana, kwa miezi minane. Mwenye kirusi asipomeza dawa, waliopata ni kama 3.6 kwa kila 100. Akimeza valasiklovia, dawa ya kukidhibiti kirusi, kila siku, 1.9. Kondomu nayo hupunguza, na humkinga zaidi mwanamke dhidi ya mwanamume kuliko kinyume chake, ila haifuniki ngozi yote. Hakuna sifuri popote. Mwenzangu alizitazama namba zile kama mtu anayekagua mbao, akasema, "Hii naiweza." Uamuzi ulikuwa wake, nami sikumsukuma.

Namezea kidonge chai ya asubuhi, alichoniandikia daktari. Kondomu ipo. Nikihisi mchomo ule wa kuwashwa, hata kama ngozi ni safi, tunalala mzungu wa nne na hakuna anayeuliza. Mwanzoni niliona aibu. Siku hizi ananitania kwamba miguu yangu inanuka gundi ya mbao.

Tulipotaka mtoto, kondomu tuliiacha kwa siku chache tu za mwezi tulizopanga, dawa sikuiruka hata siku moja. Mimba ilishika mwezi wa tatu wa kujaribu, tukapima tena, bado hana. Nesi akawa mkali kuliko siku zote: mama akikipata karibu na kujifungua, mwili wake haujapata muda wa kumpa mtoto kinga, na mtoto akikipata wakati wa kuzaliwa anaweza kufa. Kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho tusikutane kabisa.

Jana usiku ameingia mwezi wa saba. Nilipoamka nilikuta kalenda ya sebuleni imezungushiwa tarehe zote, mfululizo, mpaka mwisho wa mwezi, na kalamu imeachwa juu ya kopo la vidonge vyangu.